Umbali kati ya jibu na tiba: shajara ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, wiki ya 1 hadi ya 24

Shajara hii ni ya timu ya uchunguzi katika halmashauri moja ya pwani ya Tanzania: hospitali ya wilaya, vituo vya afya 3 na zahanati 5. Walengwa ni wanawake wa miaka 30 hadi 49, na wale wanaoishi na VVU kuanzia miaka 25. Tunawaandikia wenzetu walio kwenye kazi hii, hivyo mengi yaliyomo ni michanganyiko, hesabu na makosa.

Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, iliingia nchi nzima mwaka 2018, ikianza na wasichana wa miaka 14. Wasichana hao wa kwanza watafika miaka 30 mwaka 2034. Mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki leo hakuchanjwa, na kinga aliyobaki nayo ni kupimwa na kutibiwa mapema. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa Novemba 2020 unataka ifikapo mwaka 2030 wasichana 90 kati ya 100 wawe wanachanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa wakifika miaka 35 na tena wakifika 45, na 90 kati ya 100 ya waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Programu nyingi hukimbilia ile 70 kwa sababu inahesabika upesi na inapendeza kwenye ripoti. Sisi tumeanzia kwenye ile 90 ya mwisho. Mwanamke aliyekutwa na mabadiliko ya awali (chembe zilizoanza kubadilika, bado si saratani) akaondoka bila tiba amepata hofu tu, huduma hajaipata.

Wiki ya 1: rejista

Kabla ya kununua chochote tulifungua rejista za uchunguzi za vituo vyote 3 na kuzisoma mstari kwa mstari. Tulitafuta kitu kimoja: kila aliyeandikwa chanya, tarehe ya tiba yake iko wapi? Safu ya matokeo imejaa vizuri. Safu ya tiba ina neno "rufaa" na hakuna zaidi. Aliyepewa rufaa hospitali hana alama yoyote kwenye rejista ya hospitali, au yupo kwa jina la ubini tofauti na umri tofauti, na haiwezekani kuapa kwamba ni yeye.

Muhtasari wa mwezi wa MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya) hauwezi kuonyesha pengo hili. Unahesabu waliopimwa, waliokutwa chanya na waliotibiwa ndani ya mwezi, lakini aliyetibiwa Machi huenda ndiye aliyepimwa Januari, na wa Machi bado yuko nyumbani. Namba zinakaribiana, watu ni tofauti.

Tulichofanya ni kununua kaunta buku moja kwa kila kituo na kuliita daftari la chanya. Anayeingia humo ni aliyekutwa na tatizo tu. Mstari wake una namba ya utambulisho, tarehe ya jibu, aina ya tiba anayohitaji, tarehe ya tiba, na siku zilizopita kati ya tarehe hizo mbili. Mstari hufungwa kwa wino mwekundu siku anapotibiwa, au inapothibitishwa kwamba ametibiwa kwingine. Neno "rufaa" halifungi mstari. Daftari lina mwenyewe, muuguzi mmoja anayejulikana, na akienda likizo hulikabidhi kwa maandishi. Daftari la watu wote ni daftari lisilo na mtu.

Wiki ya 2: spekulamu ndizo zinazopanga foleni

Kituo kimoja kiliita wanawake 60 kwa siku moja kupitia matangazo ya msikitini na kwa mabalozi. Kina spekulamu 12, vifaa vya kufungulia uke ili mlango wa kizazi uonekane. Hesabu ya mzunguko wa spekulamu ni hii: dakika 10 kwenye klorini ya asilimia 0.5, kuosha kwa brashi na sabuni, kusuuza, kukausha, kufunga, otoklevu (mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu) kwenye nyuzi 121 kwa dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa (20 visivyofungwa), muda wa mtungi kupanda joto, kisha kukauka na kupoa. Ukijumlisha yote unafika saa 2 au unazipita. Kwa siku ya kazi unapata mizunguko miwili, mitatu ukianza alfajiri. Spekulamu 12 ni wanawake 24 kwa siku, 36 kwa kujikaza. Wengine walirudishwa, na mwanamke wa pwani aliyejipa moyo kuja mara moja akarudishwa, si rahisi kumwona tena.

Tangu hapo idadi ya wanaoalikwa inapangwa kwa spekulamu zilizo safi asubuhi hiyo. Siku za kampeni tunaongeza za plastiki za kutumia mara moja, na hizo nazo tunazihesabu pamoja na uwezo wa kichomea taka, maana rundo la plastiki lenye damu nyuma ya zahanati ni tatizo jingine.

Makosa mawili ya klorini yalijitokeza. La kwanza ni kipimo: watu wamekariri "jiki moja, maji sita". Hiyo ni sahihi kwa chupa ya asilimia 3.5 peke yake. Kanuni ni asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, gawanya kwa 0.5, toa 1, ndiyo sehemu za maji. Chupa ya asilimia 5 inataka maji sehemu 9. La pili ni kuloweka usiku kucha kwa sababu muda wa kazi umeisha. Chuma kinakula kutu kwenye kiungo na kwenye ukingo, spekulamu inakuwa ngumu kufunguka, na ukingo wenye kutu humkwaruza mama. Tumetoa spekulamu 3 kwenye huduma kwa sababu hiyo. Ndoo sasa ina saa ya jikoni pembeni.

Wiki ya 3: siki, dakika moja, na tochi

Hapa tutakaa kidogo, maana kipimo cha siki (kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama panageuka weupe) kinaonekana rahisi mno na ndiyo maana kinaharibiwa.

Mchanganyiko: asidi ya asetiki kali mililita 5 ndani ya maji yaliyochujwa mililita 95 inatoa asilimia 5. Kwa siku yenye watu wengi, mililita 25 ndani ya 475. Maji hutangulia, asidi hufuata. Chupa huandikwa tarehe, na kinachobaki jioni humwagwa, kwa sababu asidi huvukiza na kesho yake hujui umebakiwa na asilimia ngapi. Siki ya dukani inafaa kama lebo inataja asilimia 3 hadi 5, isiyotaja haitumiki. Chupa ya asidi kali haikai kabisa rafu moja na chupa ya mchanganyiko. Tuliikuta imekaa hivyo, chupa mbili zinazofanana. Asidi kali ikigusa mlango wa kizazi au uke inaunguza vibaya. Sasa asidi kali iko kabatini maabara, na chumba cha uchunguzi kinapokea mchanganyiko tayari.

Utaratibu wenyewe: futa ute kwanza kwa pamba kavu, taratibu, usije ukatoa damu. Tafuta mstari wa muunganiko, pale ngozi nyekundu ya ndani ya mfereji inapokutana na ngozi ya waridi ya nje. Usipouona wote, andika hivyo, maana jibu lako halitakuwa kamili. Paka siki mlango mzima wa kizazi kwa pamba iliyolowa vizuri. Kisha subiri dakika moja kwa saa, si kwa kukisia.

Ukitazama kwa makini, sekunde za kwanza sehemu kubwa huweza kupauka kidogo, hasa kwa mwanamke ambaye ngozi yake iko kwenye kubadilika kwa kawaida. Weupe huo ni hafifu, kingo zake zimetawanyika kama maziwa yaliyomwagika majini, na hupotea upesi. Weupe wa mabadiliko ya awali ni mzito, kama chokaa iliyopakwa. Una mpaka unaoweza kuuchora kwa kidole hewani, unagusana na mstari wa muunganiko, na bado upo dakika ikiisha. Mtoa huduma mwenye foleni ndefu mlangoni hutazama sekunde 20. Hapo anafanya makosa ya pande zote mbili: anauita chanya weupe ambao ungepotea, na anaukosa ule unaochelewa kujitokeza.

Taa ni nusu ya kipimo. Balbu ya njano inafanya kila kitu kionekane krimu. Tochi ya simu ina mwanga mweupe lakini huyumba mkononi na kumulika pembeni. Tumechukua taa ya kichwani ya LED yenye mwanga mweupe, betri za akiba zikiwa ndani ya boksi la vifaa. Betri zikianza kuchoka mwanga unarudi manjano kabla ya kuzimika, na hakuna anayetambua hadi mtu mwingine aivae.

Kwa usimamizi tunatazama uwiano. Kwa wanawake wa miaka 30 hadi 49, kipimo cha siki kwa kawaida hukuta chanya takribani 5 hadi 10 kati ya 100. Mtoa huduma anayekuta 1 kati ya 100 miezi mitatu mfululizo huenda anapitwa. Anayekuta 30 huenda anaita chanya kila wekundu na kila kivimbe cha ute. Uwiano hauhukumu mtu, unatuambia pa kwenda kukaa naye siku nzima. Na kwa wanaozidi miaka 50 siki haifai sana, kwa kuwa mstari wa muunganiko umerudi ndani ya mfereji, huuoni.

Wiki ya 5

Mwezi wa Ramadhani umeingia. Wengi hawataki kuingiziwa kitu mwilini mchana wa kufunga, na hatubishani nao. Kampeni imesimama, muda umetumika kutengeneza pazia, komeo la mlango na kigoda cha kupandia kitanda. Kila chumba sasa kina kanga 2 za kujifunika zinazofuliwa kila siku. Kituo kisicho na mtoa huduma wa kike kimepangiwa siku moja kwa wiki ya muuguzi wa kike kutoka hospitali.

Wiki ya 8: tiba ya joto

Vituo 2 vilikuwa na mashine za tiba mgando. Dozi yake ni kugandisha dakika 3, kuyeyusha dakika 5, kugandisha tena dakika 3. Inafanya kazi vizuri ikiwa na gesi. Mtungi wa gesi ya kaboni ni mzito, haupandi bodaboda, unajazwa mjini, na gesi chafu huziba tundu la mashine katikati ya tiba. Hapo tulielewa kwamba miezi mingi neno "rufaa" la kwenye rejista za wiki ya 1 lilimaanisha kwamba gesi imekwisha.

Kwa hiyo vituo vyote 3 vimepewa vifaa vya joto vya mkononi vinavyotumia betri. Kichwa cha kifaa hupashwa hadi nyuzi 100 au zaidi na kushikizwa kwenye mlango wa kizazi kwa sekunde 20 hadi 30. Doa likizidi upana wa kichwa, mshikizo hurudiwa kwa kupandiana kidogo mpaka eneo lote la mabadiliko lifunikwe. Ganzi kwa kawaida haihitajiki. Mama husikia tumbo kumkaza kama siku za hedhi, na mtu wa kumshika mkono na kumhesabia sekunde kwa sauti husaidia sana.

Si kila chanya hutibiwa kwa joto. Doa lionekane lote, lisiingie ndani ya mfereji, lisizidi robo tatu ya uso wa mlango wa kizazi, kichwa cha kifaa kiweze kulifikia, na pasiwe na dalili yoyote ya saratani. Likikosekana moja kati ya hayo, mama anakwenda hospitali kwa LEEP (kukata sehemu iliyobadilika kwa waya wa umeme) au kwa kuchukuliwa kinyama cha kupimwa maabara. Masharti haya yamebandikwa ukutani mbele ya macho ya mtoa huduma, siyo nyuma ya mlango.

Kilichoharibika: wiki ya kwanza kifaa kimoja kilizimika katikati ya mshikizo. Chaja ilikuwa imefungiwa stoo pamoja na mali nyingine za mradi, na mwenye ufunguo alikuwa semina. Chaja sasa inakaa chumba cha uchunguzi, na kila jioni kifaa huchajiwa, hujaribiwa, na aliyefanya hivyo huweka sahihi. Kati ya mgonjwa na mgonjwa kichwa hufutwa mabaki na kutakaswa kama maelekezo ya kifaa hicho yanavyotaka. Vifaa vinatofautiana kwa mtengenezaji, usichukue utaratibu wa kimoja ukautumia kwa kingine.

Baada ya tiba, majimaji hutoka ukeni kwa wiki kadhaa. Mama haingizi kitu ukeni na anapumzika tendo la ndoa wiki 4, ikishindikana, kondomu. Sharti hili ndilo linalowafanya wengine waseme "nitarudi kutibiwa" na wasirudi, kwani hajui atamwambia nini mumewe. Tumeanza kuuliza kabla ya tiba: "Nyumbani utasema nini, dada?" Kama anataka, mumewe anaitwa na kuelezwa. Kama hataki, tunamwandikia karatasi ya mapumziko ya wiki 4 isiyotaja ugonjwa.

Wiki ya 10: maneno

Wasimamizi walikaa kwenye benchi na kusikiliza. Wauguzi wakiitana korido walisema "huyu ni wa kuchomwa". Wanawake waliokuwa wakisubiri waliondoka. Neno limekatazwa, ni "tiba ya joto". "Kusafisha kizazi" nalo halitumiki, kwa kuwa mtaani lina maana nyingine kabisa, na mama mwenye heshima zake hatataka jirani alisikie likitajwa pamoja na jina lake.

Gumu kuliko yote ni neno "virusi". Kwa Kiswahili cha mtaani, kusema mtu ana virusi ni kusema ana VVU. Muuguzi anayesema "mama, umekutwa na virusi" amekwisha kumpoteza; yote yatakayofuata hayasikiki. Sentensi ya kwanza tuliyokubaliana ni hii: "Mama, hiki si kirusi cha UKIMWI." Ndipo: "Kinaitwa HPV. Wanaume na wanawake wengi hukipata maishani na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kwako bado kipo. Si saratani. Leo tutatazama mlango wa kizazi, na kama panafaa tutakutibu leo leo."

Ananyamaziwa hapo hadi aulize. Swali la kwanza karibu kila mara ni kama mume ndiye aliyemletea. Jibu la kweli ni kwamba kirusi kinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili, na hakuna kipimo kinachoweza kusema kilitoka kwa nani wala lini.

Wiki ya 13: kipimo cha DNA ya HPV

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza DNA ya HPV kuwa kipimo cha kwanza badala ya siki: kila baada ya miaka 5 hadi 10 kwa wanawake wa miaka 30 hadi 49, kila miaka 3 hadi 5 kwa wenye VVU. Uzuri wake kwetu ni kwamba mama anaweza kuchukua sampuli mwenyewe, bila spekulamu, na foleni ya wiki ya 2 inapungua.

Maelekezo ya kujichukulia sampuli tunayatoa kwa mdomo na kwa picha: nawa mikono, simama mguu mmoja juu ya kigoda au chuchumaa, shika brashi pale kwenye alama, ingiza ukeni taratibu hadi uhisi imefika, izungushe mara 3 hadi 5, itoe bila kugusa ncha, itumbukize kwenye chupa na ufunge kifuniko mpaka kikaze. Mwenye hedhi anapangiwa siku nyingine. Mjamzito anasubiri hadi baada ya kujifungua.

Hospitali ina GeneXpert, mashine ya kupima DNA, yenye moduli 4 (kila moja hupima sampuli moja kwa wakati), na mashine hiyo ni ya kifua kikuu kwanza. Tulikubaliana na maabara kupata moduli 2 kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Katriji ya HPV (kikasha kinachobeba sampuli) huchukua takribani saa 1. Moduli 2 kwa saa 5 ni sampuli 10 kwa siku, na hiyo ni siku isiyo na hitilafu wala umeme kukatika. Zahanati ikileta sampuli 40 kwa pamoja, ya mwisho itasoma siku ya nne. Hili lijulikane kabla ya kumpa mama tarehe ya kurudi.

Hitilafu tulizoziona ndani ya wiki 2: katriji kusema sampuli haitoshi, kwa sababu chembe za mwilini ni chache, yaani brashi haikuzungushwa au imeingia kidogo mno, damu na ute mwingi kuzuia mashine kusoma, vifuniko vilivyolegea kuvuja njiani. Dawa iliyomo kwenye chupa ina methanoli, na ikivuja hufuta wino wa kalamu ya kawaida. Sampuli 4 zilifika zikiwa hazina jina, zote za zahanati moja, boksi moja. Hakuna njia ya kuziokoa. Wanawake wote wanne waliombwa radhi na kupimwa upya. Sasa lebo huandikwa kwa penseli, inazungushiwa gundi ya plastiki, chupa husimama wima kwenye kishikio, na mpokeaji huhesabu mbele ya mleta.

Wiki ya 15: majibu yasiyofika

Kipimo kizuri zaidi kimelirefusha lile pengo. Siki ilitoa jibu mama akiwa kitandani. DNA inatoa jibu mama akiwa shambani.

Tulijaribu simu. Namba nyingi zilizoandikwa ni za mume, za kaka, au laini iliyokwisha kubadilishwa. Ujumbe wa "majibu yako ya HPV yako tayari" ukisomwa na mume ni ugomvi. Hivyo fomu ya usajili imeongezewa maswali: simu hii anaishika nani, saa ngapi ni vizuri kupiga, tuseme tunapiga kutoka wapi, na kama simu haipatikani unaruhusu mhudumu wa afya wa jamii aje nyumbani? Nyumba inaelezwa kwa jina la balozi na kwa alama, kama mwembe, kisima au duka. Ujumbe husema tu: "Tunakukumbusha kliniki Alhamisi."

Kilichosaidia kuliko simu ni tarehe. Kila anayetoa sampuli hupewa kadi ya kurudi siku hiyohiyo, awe atakuwa chanya au hasi, na tarehe hiyo inapigiwa hesabu ya sampuli 10 kwa siku pamoja na siku 2 za dharura. Kwa kuwa wote wanarudi, kurudi hakumtambulishi mtu. Muuguzi na kifaa cha joto wapo siku hiyo. Kwa wanaofika hospitali wenyewe, sampuli 10 za kwanza huchukuliwa kabla ya saa 3 na majibu hutoka kwa mafungu hadi saa 8, hivyo aliye chanya hutibiwa kabla ya basi la jioni.

Kosa moja tumelikuta vituo vyote: mwanamke asiye na VVU, HPV chanya, akitazamwa kwa siki na kukutwa hana weupe, anaambiwa "uko salama" na kurudishwa. Kwa njia tunayofuata ya kupima na kutibu, kutazama kwa siki baada ya HPV chanya kunaamua *aina* ya tiba, hakufuti jibu. Anatibiwa, na anarudi kupimwa baada ya miezi 12. Kwa mwenye VVU njia ni nyingine: siki hutumika kumchuja, na asiyekutwa na weupe hurudia HPV baada ya miezi 12. Njia zote mbili ziko kwenye karatasi moja, rangi mbili, kwa sababu zilikuwa zinachanganywa.

Wiki ya 17: CTC, kliniki ya tiba ya VVU

Hatari ya saratani hii kwa wanawake wanaoishi na VVU ni takribani mara 6 ya wengine. Wangekuwa rahisi kuwafikia, ila wenye hali nzuri sasa huchukua dawa za miezi 6, maana yake nafasi 2 kwa mwaka. Muhuri wa uchunguzi umewekwa ukurasa wa mbele wa kadi ya CTC, na brashi hutolewa dirisha lilelile la dawa. Ukimwambia "pita chumba namba 7 ukimaliza", hapiti.

Wiki ya 20: anayeshukiwa saratani

Uvimbe unaotoa damu ukiguswa tu, kidonda kigumu, harufu kali, damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi: hapa kifaa cha joto hakiguswi. Joto huunguza juu na kuificha saratani iliyo chini. Anachukuliwa kinyama hospitali, kinawekwa kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wa formalini uwe angalau mara 10 ya kinyama chenyewe. Kimoja kilirudishwa na patholojia kimeoza kwa sababu formalini ilikuwa kidogo, imelowesha chini tu. Mama akarudia maumivu yale kwa uzembe wa mililita chache.

Tiba ya mionzi ipo mbali, katika hospitali kama Ocean Road ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza. Nauli, pa kulala na mtu wa kumsindikiza ndivyo vinavyoamua kama barua ya rufaa itatumika. Tunapiga simu kabla hajasafiri, na siku aliyopangiwa tunapiga tena kuuliza kama amefika. Mstari wake kwenye daftari la chanya haufungwi mpaka tiba ianze.

Wiki ya 24: yaliyo mezani

Daftari la chanya la kituo kimoja lina kurasa tatu za mwanzo zilizofungwa zote kwa nyekundu. La pili lina mistari wazi ya wanawake waliohamia mashamba ya mbali msimu wa kilimo. La tatu lina mistari wazi yenye sababu moja, wanangoja LEEP, na LEEP hufanywa Jumatano tu, na daktari mmoja.

Jumatatu: kuomba siku ya pili ya LEEP kwa Mganga Mkuu, tukipeleka daftari lenyewe. Jumanne: kukagua tarehe za mwisho za katriji stoo, zile za mwanzo kuisha ziletwe mbele. Alhamisi: wahudumu wa jamii wawili pamoja na muuguzi kwenda mashambani na orodha ya mistari wazi, kifaa cha joto, betri ya akiba, taa, spekulamu 8 zilizofungwa, siki ya siku hiyo, na kanga.